Maji Yabaki Ufukweni: Samaki wa Kwenda Bara Wakati Nishati ni Haba

Ndugu wavuvi, wachakataji, wachuuzi na wasafirishaji, asanteni kwa kufika. Tuliombwa tuzungumze juu ya samaki anayevuliwa hapa na kuliwa mbali, baada ya siku moja, tatu au wiki nzima barabarani, pale ambapo umeme unakatika, dizeli haitoshi na kuni zinazidi kuwa mbali.

Shida hii ikitajwa, wengi hukimbilia kutaja jokofu. Sisi tunaanzia kwenye mizani. Samaki mbichi kwa sehemu kubwa ni maji: katika kila kilo yake, gramu 700 hadi 800 ni maji matupu. Mchukue samaki mwenye maji asilimia 75, umkaushe hadi abaki na asilimia 15, na kilo yake moja itakuwa gramu 294 hivi. Tani moja ya mbichi pamoja na tani moja ya barafu ni tani mbili za mzigo. Samaki wale wale wakikaushwa hawafiki kilo 300, na barafu hawaidai. Kwa hiyo kabla hujauliza baridi utaipata wapi, jiulize kama maji hayo yana haja yoyote ya kusafiri. Safari ya zaidi ya siku mbili bila umeme wa uhakika, ushauri wetu ni kwamba maji yabaki ufukweni.

Hata hivyo mnunuzi wa samaki mbichi yupo, na hata samaki wa kukaushwa anahitaji ulinzi kabla hajafika kwenye chanja. Tuanze na saa za mwanzo, maana hapo ndipo hasara nyingi huzaliwa, halafu lawama wanabebeshwa madereva.

Joto ndilo linalopanga kasi ya kuoza. Ukichukua nyuzi 0 kuwa kipimo, samaki aliye kwenye nyuzi 5 huharibika kwa kasi inayozidi mara mbili, na kwenye nyuzi 10 mara nne. Anayeweza kukaa siku 12 ndani ya barafu anabakiwa na siku tatu tu kwenye nyuzi 10, na kwenye jua la mchana mtahesabu saa. Siku zilizopotea hivyo hazirudi: barafu ya jioni haimfanyi samaki wa asubuhi kuwa mpya. Kivuli na turubai lililoloweshwa ndani ya mtumbwi havigharimu nishati yoyote, na vinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Samaki wakubwa watumbuliwe mapema na mashavu yatolewe, kwa sababu matumbo na mashavu ndiyo maghala ya bakteria, tena ni uzito usiouzika. Kisu kipite juujuu. Kikitoboa nyongo au utumbo, uchafu unamwagika kwenye nyama, na hapo ingekuwa heri samaki angeachwa mzima. Kisha aoshwe kwa maji safi. Maji ya ufukweni palipojaa matumbo yaliyotupwa yanamrudishia kile kile alichoondolewa.

Jodari, vibua na jamaa zao wana hatari ya pekee. Wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza sehemu ya protini yao kuwa histamini, sumu inayoleta wekundu wa uso, kichwa kuuma na mapigo ya moyo kwenda mbio. Ikishajitengeneza, haiondolewi na kupika, wala chumvi, wala moshi. Samaki wa aina hii aliyelala na joto asigeuzwe ng'onda, yaani samaki wa chumvi wa kukaushwa, kwa matumaini ya kumwokoa.

Sasa barafu, na hapa tutakaa kidogo.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334 za joto. Kilo moja ya samaki aliye nyuzi 30, ili afike nyuzi 0, anapaswa kutoa kilojuli 108 hivi. Kwa hesabu hiyo, theluthi moja ya kilo ya barafu inatosha kumpoza. Mbona basi tunaambiwa kilo kwa kilo? Kwa sababu barafu iliyobaki haimlindi samaki dhidi ya joto lake mwenyewe, inamlinda dhidi ya joto linalopenya kuta za kasha. Kasha ndilo linaloamua utanunua barafu kiasi gani.

Chukueni kasha lenye nafasi ya ndani ya sentimita 80 kwa 50 kwa 50, yaani lita 200. Likiwa na ukuta wa sentimita 5 wa polistairini, lile povu jeupe gumu la kufungashia, na nje ni nyuzi 30, joto linaloingia kwa siku huyeyusha kilo 11 hivi za barafu. Ukuta ukiwa wa sentimita 10, zinayeyuka kama 6. Ukuta wa sentimita 2.5 unakula karibu kilo 23. Tia humo kilo 60 za samaki na kilo 60 za barafu: kilo 20 zitaishia kuwapoza samaki, na 40 zinabaki za safari. Katika kasha la sentimita 5 hizo ni siku tatu na nusu, katika lile jembamba hazifiki siku mbili. Tenga tupu la plastiki hata msilitie kwenye hesabu, kwa sababu barafu yake inaishia kupoza hewa ya njiani. Na hizo ni hesabu za kasha kavu, lililofungwa, likiwa kivulini. Mfuniko usiokaa sawasawa, au kufungua kila kituo ili mteja achungulie, huondoa siku nzima.

Kama polistairini haipatikani, kuta mbili za mbao zinaweza kujazwa maranda, pumba za mpunga au makumbi yaliyochambuliwa. Hizi huzuia joto vibaya kidogo kuliko povu, basi ziwe na unene wa mara mbili. Sharti ni ukavu. Pumba zikilowa hupitisha joto kana kwamba hazipo, hivyo upande wa ndani uzibwe kabisa kwa bati au plastiki nzito, na viungo vyake viunganishwe vizuri, maana maji yanayoyeyuka hayakosi kutafuta tundu. Anayedharau vijazo vya namna hii akumbuke mwaka 1833: meli iliyopakia tani 180 hivi za barafu ilitoka Boston, ikavuka ikweta mara mbili, na baada ya miezi minne ikafika Calcutta ikiwa na tani kama 100. Haikuwa na mashine yoyote ya baridi ndani yake.

Kupanga nako kuna utaratibu. Barafu ya mabonge ivunjwe iwe vipande visivyozidi sentimita mbili. Bonge kubwa hugusa samaki mahali pamoja, linamchubua, na kwingine kote linaacha hewa, nayo hewa haipozi vizuri. Tandaza sentimita tano za barafu chini, tabaka la samaki, tabaka la barafu, hivyo hivyo hadi juu, na umalizie kwa barafu nene, kwani joto jingi huingia kwa kuta na mfuniko. Samaki waliotumbuliwa walazwe tumbo likitazama chini ili maji yasituame ndani. Kina kisizidi sana nusu mita, ama sivyo wa chini wanapondeka. Chini ya kasha kuwe na tundu la kutolea maji, kwa sababu maji ya barafu yanashuka na damu na ute. Wako wanaoziba tundu hilo kwa kuona baridi inapotea. Kinachopotea ni kidogo sana, kinachooshwa ni kingi.

Dagaa na samaki wengine wadogo hawapangiki tabaka kwa tabaka. Hao watieni kwanza kwenye pipa lenye barafu sehemu mbili na maji safi sehemu moja, mkoroge polepole. Hupoa haraka kuliko kwenye barafu kavu, kwa kuwa maji yanagusa mwili wote. Wakishapoa, wachujwe na kuhamishiwa kwenye kasha.

Kuhusu kugandisha, tuseme wazi kwamba hatukupendekezi nishati ikiwa haba. Kumtoa samaki nyuzi 30 hadi 18 chini ya sifuri kunadai kilojuli 400 hivi kwa kilo, takribani mara nne ya kumpoza tu. Halafu lazima akae kwenye baridi hiyo safari nzima. Lori likikwama siku moja bila umeme anayeyuka, na akigandishwa tena nyama inakuwa kama sponji.

Barafu yenyewe ni njia nzuri ya kuhifadhi umeme. Mashine ya mabonge katika nchi za joto hutumia kilowati-saa 55 hadi 70 kwa tani, na ya vipande vidogo hutumia zaidi ya hapo kidogo. Mwenye paneli za sola asinunue betri nyingi za kuendesha jokofu usiku. Atengeneze barafu mchana jua likiwepo, aiweke kwenye kasha nene, usiku mashine izimwe. Tani moja ya barafu imebeba baridi inayolingana na kilowati-saa 93, haichakai kama betri, na ikiharibika ni maji. Maji hayo ya kutengenezea barafu lazima yawe ya kunyweka.

Penye barafu kidogo au pasipo nayo, watu hufunika matenga kwa magunia yaliyoloweshwa. Inasaidia, ila ina kikomo chake. Hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 40, gunia linaloroweka na kupigwa upepo linaweza kushuka hadi nyuzi 22, si chini ya hapo. Unyevu ukiwa asilimia 85, nafuu yake ni nyuzi mbili tatu. Ni msaada wa saa chache, hasa usiku, na gunia linapaswa kuloweshwa kila mara likianza kukauka.

Ipo pia njia inayosahaulika: asife. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa, na akiwekwa kwenye tenga lenye nyasi mbichi, kivulini, akinyunyiziwa maji, husafiri saa nyingi akiwa hai. Kwa aina nyingine itabidi kubeba maji na kuyapulizia hewa, na tunarudi kwenye uzito uleule. Vyovyote iwavyo, wasipewe chakula kwa siku moja kabla ya safari, la sivyo wanachafua maji na kujiua wenyewe. Kuwaweka hai kwenye vizimba majini mpaka gari lifike kunaokoa barafu nyingi, na hakugharimu chochote ila nyavu.

Tuje kwenye chumvi. Inafanya kazi pasipo jua wala moto, kwa hiyo ni kinga ya siku za mvua. Kwa ng'onda, pima kilo 30 hadi 35 za chumvi kwa kilo 100 za samaki waliopasuliwa. Wapange ngozi chini, nyama juu, chumvi kila tabaka, na tabaka la mwisho ngozi juu. Chumvi laini peke yake huvuta maji ya nje upesi mno, uso wa nyama unakaza, na ndani chumvi haifiki: nje ng'onda safi, karibu na mfupa ameoza. Chumvi ya mawe peke yake huacha sehemu zisizoguswa. Changanya zote mbili. Unene nao una sheria yake: ukizidishwa mara mbili, muda wa chumvi kupenya huzidi kama mara nne. Kipande cha sentimita moja hutosheka kwa siku moja au mbili, cha sentimita tatu kinadai zaidi ya wiki. Ndiyo maana samaki mnene anachanjwa au anapasuliwa tena upande wa mgongo.

Anayetumia maji ya chumvi aanze na gramu 360 kwa kila lita, karibu kikomo cha maji kuyeyusha chumvi. Samaki anapotoa maji yake, mchanganyiko hupungua ukali siku hiyo hiyo. Alama ya kuaminika ni chumvi isiyoyeyuka kuonekana chini ya chombo wakati wote. Isipoonekana, ongeza.

Chumvi iliyokaushwa kwa jua huja na vimelea vyake vinavyopenda chumvi, vile vinavyomfanya ng'onda awe wa waridi na kuteleza. Hustawi penye joto na unyevu. Chumvi iliyokwisha kutumika isirudishwe kwa samaki wapya, na mbao za kupangia zisuguliwe na kuanikwa. Na kwa anayefunga samaki wa chumvi ndani ya chombo kisichopitisha hewa: maji yaliyomo kwenye nyama yawe na chumvi isiyopungua asilimia 10. Chini ya hapo, penye joto, vijidudu vya botulizimu vinaweza kutoa sumu yao, ambayo haina harufu ya kukuonya, na inaua.

Kuanika juani kuna vipindi viwili, na ni vizuri kuvitofautisha. Mwanzoni maji yako juu ya nyama, kinachoyaondoa ni upepo. Baadaye yanabidi yatoke ndani, na hapo kinachosaidia ni joto na subira. Kwa hiyo siku ya kwanza tafuteni upepo, hata chini ya kivuli chepesi. Jua kali mno la mwanzo huoka uso ukawa gamba, maji yakafungiwa ndani, na baada ya siku mbili samaki anachacha akiwa anaonekana mkavu kabisa. Chanja iwe ya wavu, juu ya ardhi kama mita moja, hewa ipite pande zote. Waliopasuliwa walale kwenye mwinamo ili maji yatiririke. Juu ya mchanga upande wa chini haukauki, na mchanga hautoki.

Jioni waanuliwe, wapangwe lundo, wafunikwe na kukandamizwa kwa mawe. Usiku maji ya ndani husogea kuelekea juu, kesho yake jua linayachukua kwa urahisi. Hema la plastiki angavu linaongeza joto na kuzuia nzi, ila liwe na matundu chini na juu. Kosa la kila mara ni kuyaziba ili joto lipande. Kinachopanda ni unyevu. Ndani ikipita nyuzi 50 hivi samaki mbichi huanza kuiva, na nyama iliyoiva huvunjikavunjika kwenye gunia.

Amekauka lini? Kidole hudanganya. Chagua chanja moja, weka kilo 10 kamili za samaki waliotumbuliwa, iwe kipimo chako. Bila chumvi, na samaki wakiwa na maji asilimia 75, zikifika kilo 3.3 maji yamebaki asilimia 25 na bakteria wengi wamesimama. Kuvu bado wanaweza kuota, basi endelea hadi kilo 2.9. Samaki aliyekolea chumvi hahitaji kufika huko. Maji asilimia 35 hadi 45 yanavumilika kulingana na chumvi yake, na hizo ni siku za jua mlizookoa. Samaki wenye mafuta mengi hawafai kwa njia hii peke yake, kwani mafuta huchacha yakikutana na hewa na mwanga. Hao wapelekeni kwenye moshi.

Kukausha kwa moshi ndiko kunakokula misitu, ingawa si lazima iwe hivyo. Kuondoa gramu 700 za maji kunadai megajuli 1.7 tu, na kilo moja ya kuni kavu ina kama 16. Kwa nadharia, gramu 110 za kuni zinatosha kilo moja ya samaki. Pipa la wazi linakula mara nyingi zaidi ya hapo kwa kuwa moto unapasha upepo. Katika kijiji cha Chorkor, karibu na Accra nchini Ghana, lilipatikana jibu ambalo limesambaa sana: tanuri la udongo la mstatili, na juu yake trei za mbao zenye wavu, zikipandana hadi 15. Trei zenyewe ndizo bomba la moshi. Zikae zimebanana, zote kwa kipimo kimoja, na zibadilishwe nafasi, ya chini iende juu. Trei moja iliyopinda huvujisha moto wa zote zilizo juu yake.

Anzeni na moto mdogo ili uso ukauke, kisha moto wa kuivisha, kisha moshi wa polepole wa kukausha. Saa chache za jua kabla ya tanuri hupunguza kuni sana. Kuni mbichi hupoteza sehemu ya moto kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Magunzi na makumbi hutoa moshi mzuri. Mbao zenye utomvu, zenye rangi, plastiki na matairi ni marufuku. Mafuta ya samaki yakidondokea makaa huleta moshi wenye kemikali za kusababisha saratani, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopairini, mojawapo ya kemikali hizo, kwa kilo ya samaki wa moshi. Tanuri la Thiaroye, lililobuniwa Senegal kwa ushirikiano na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, linaweka sinia ya kukinga mafuta kati ya makaa na samaki. Hata karatasi ya bati iliyoinama, yenye mfereji wa kupeleka mafuta kando, inasaidia.

Samaki wa moshi aliyeiva lakini bado ana unyevu ni wa siku moja hadi tatu. Huyo asifungwe kwenye plastiki isiyopitisha hewa. Wa safari ndefu akaushwe mpaka agonge kama ubao, apozwe kabisa kabla ya kufungashwa, kwa sababu mvuke wa samaki wa moto ndani ya gunia ndio kuvu ya kesho. Makapu na makatoni magumu ni bora kuliko magunia, maana mkavu huvunjika. Ng'onda akikaa penye unyevu wa hewa unaozidi asilimia 75 hulowa tena, basi penye mvua gunia liwe na turubai juu na mbao chini. Wadudu wa samaki mkavu, wale weusi ambao viwavi wao wana manyoya, huzuiwa na chumvi ya kama asilimia 10, au kwa kurudisha samaki kwenye hema la jua likizidi nyuzi 50 kwa saa kadhaa. Dawa ya kuua wadudu wa shambani isinyunyiziwe kwenye chakula. Wanaofanya hivyo wapo, na tunaomba mnaowajua muwazuie.

La mwisho ni upakiaji wa makasha ya barafu. Yabananeni yagusane, bila mwanya, chini ya turubai moja jeupe, kwa kuwa ukuta unaogusa kasha jingine hauingizi joto. Ondokeni jioni. Na mkifika, kabla ya kuuza, pimeni barafu iliyobaki katika kila kasha na muiandike pamoja na saa za safari. Ikibaki zaidi ya robo, safari ijayo ongezeni samaki. Isipobaki kabisa, angalieni kwanza mfuniko na tundu la maji kabla ya kununua barafu zaidi. Iliyobaki imwagwe, isitumike tena kwa samaki, na makasha yaoshwe huko huko kwa sabuni na kukaushwa wazi kabla hayajaanza safari ya kurudi.